Jibu: Viwavi kama mavi ya ndege kwenye mndimu

Dada, umeuliza kama uwapige dawa viwavi walio kwenye mndimu wako. Mimi nasema acha kwanza. Hao weusi wenye mabaka meupe, utadhani mavi ya ndege, ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, kwa jina la kisayansi Papilio demodocus. Ndege akipita haoni cha kula. Wakikua hugeuka kijani.

Mguse mmoja kwa kijiti, taratibu: nyuma ya kichwa atachomoa pembe mbili laini zenye harufu kali, kisha azirudishe ndani. Hawaumi wala hawawashi.

Mti mkubwa utachipua tena tu. Kama ni mche mchanga, wahamishie mchungwa au mlimau. Usiwapeleke kwenye mwembe, watakufa njaa.