Hamasa iliniishia saa nane usiku, Lengai

Watu wananiuliza sana nilipata wapi hamasa ya kupanda Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano kaskazini mwa Tanzania, mie mtu wa Dar ambaye lifti ya ofisini ikiharibika nanuna siku nzima. Ukweli ni kwamba hamasa niliyoenda nayo iliisha saa nane usiku, na hata nusu tulikuwa hatujafika.

Tulilala Engaresero, kule Ziwa Natron, ukitoka Mto wa Mbu ni vumbi na makorongo mpaka basi. Tulilala nasema tu, maana saa tano usiku tulishakuwa kwenye gari kuelekea mlimani. Lengai unapandwa usiku kwa sababu mchana jua linakukaanga na hakuna mti wa kujificha wala maji, ni jivu na mawe. Una mita 2,962 hivi, Kilimanjaro ni karibu mara mbili yake, nikajidanganya huu ni wa mazoezi. Wapi! Kili unaenda siku tano sita, huu ni usiku mmoja na umesimama kama ukuta, unapiga hatua moja jivu linakurudisha nusu.

Saa nane nikakaa chini nikamwambia muongoza njia wetu, kijana wa Kimasai kavaa katambuga zake wala hahemi, kaka mi narudi. Hakunihubiria. Akamulika tochi kule tulikotoka, akasema sawa dada, ila kushuka hapa gizani ni kubaya kuliko kupanda, itabidi tungoje kukuche, sasa chagua, ungojee hapa kwenye upepo au ungojee juu. Nikauangalia ule mteremko. Nikanyanyuka.

Yaani kilichonipandisha ni uoga wa kushuka, basi. Kwa hiyo nyie mnaosubiri mudi ije ndio muanze, jipelekeni mahali ambapo kurudi ni shida kuliko kuendelea. Mtihani wa bodi ya uhasibu niliuahirisha miaka mitatu, niliporudi Dar nikalipia ada siku hiyohiyo, halafu nikamwambia mama, na mama yangu ukimwambia jambo ujue ukoo mzima umeshajua. Nikasoma, ningefanyaje. Ila kizunguzungu au kifua kikibana hiyo ni habari nyingine, sema mapema mpumzike, msije mkafa mkasema mi ndo niliwashauri.

Juu tulifika kama saa kumi na mbili kasoro, harufu ya kiberiti, na mlipuko wa 2007 na 2008 umeacha shimo ambalo kulichungulia tu magoti yanalegea. Ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya karbonatiti, yaani yenye madini ya kaboneti kwa wingi, inatoka nyeusi kama oili chafu halafu ikipoa ikapata unyevu inageuka nyeupe. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na pale jua linapochomoza nikaelewa, hata mimi niliyekuwa nalaani njia nzima niliongea kwa sauti ya chini.

Beba maji lita tatu, na glavu, tafadhali glavu, maana ukiteleza unashika mawe makali, mi sikuwa nazo viganja vikachubuka vyote. Kushuka nilishuka kwa makalio sehemu kubwa, suruali ikachanika nyuma, ndio maana picha zote za kurudi nimefunga sweta kiunoni.