Jibu: Koloni zipo, duara angavu halionekani
Salama mkuu. Kumbe umeotesha sampuli ya koo, koloni (vichuguu vya bakteria) zinafanana na Streptococcus pyogenes, bakteria wa maumivu ya koo, ila agari ya damu, ile jeli ya kuoteshea, haing'ai kuzizunguka kama inavyong'aa seli nyekundu zikipasuliwa.

Anza na damu yenyewe. Ni ya kondoo, au ya mtu iliyopitwa na muda kutoka benki ya damu? Hiyo ya pili imetusumbua sana maabara: ina sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande), na mara nyingi ina kingamwili zinazoizima streptolisini O, sumu ya bakteria huyu, kabla haijagusa seli nyekundu. Tumia ya kondoo, asilimia 5, uitie agari ikishapoa hadi nyuzi 45–50. Ukiwahi, sahani inageuka kahawia, basi tena.

Halafu, uliidunga agari kwa lupu, ule waya wa kupandia? Streptolisini O hushika kolesteroli kwenye utando wa seli na kuutoboa. Maji yanaingia, seli inapasuka. Shida yake ni oksijeni, inaizima. Juu ya sahani kazi kubwa hufanywa na sumu nyingine, streptolisini S, na baadhi ya aina za bakteria huyu haziitoi. Kwa hiyo dunga mara mbili tatu ili bakteria waingie ndani, ambako oksijeni ni kidogo, lupu ikiwa imelala kidogo, acha usiku kucha kwenye nyuzi 35–37, kisha inua sahani kwenye mwanga utazame pale ulipodunga.

Pakiwa na ukijani, yaelekea ni wale bakteria wakazi wa kawaida wa koo. Usimpelekee daktari jibu kabla ya kurudia.