Mkoba wa kuondokea nyumbani wakati wa masika
Ndugu yangu wa Wete, umeuliza utie nini katika mkoba wa kuondokea nyumbani ghafla mvua za masika zikizidi. Mimi ningeanza na karatasi kabla ya nguo: kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, vyeti vya kuzaliwa na hati ya nyumba, vyote ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana (mifuko ya plastiki, yaani rambo, tumeshaiaga). Maji ya kunywa yakadirie lita 3 kwa mtu kwa siku. Kwa watu 5 ni lita 15 kwa siku, mzigo mzito kwa mtu mmoja, hivyo yagawe katika madumu madogo, kila mkubwa lake. Ongeza dawa za wazee, tochi na tende. Mkoba uutundike karibu na mlango, si uvunguni, ambako maji hufika mwanzo.