Taa ya B1 huwaka wakati hakuna anayetumia intaneti

SWALI: Kompyuta zetu nne hutumia intaneti kupitia ruta moja ya ISDN, yaani laini ya simu ya kidijitali. Laini moja inazihudumiaje zote, na kwa nini taa ya B1 huwaka hata pale ambapo hakuna aliyefungua kivinjari?

JIBU: Laini ya kawaida ya ISDN ina chaneli mbili za B, kila moja ikibeba kilobiti 64 kwa sekunde, na chaneli ya D ya kilobiti 16, ambayo kazi yake kubwa ni kupiga na kukata simu. Ruta inapompigia mtoa huduma kwa kawaida hupewa anwani moja tu ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao), na kompyuta zote hutoka kwa anwani hiyo. Tuseme kompyuta yenye anwani ya ndani 192.168.1.12 imeomba ukurasa: ruta huiondoa anwani hiyo kwenye pakiti (kipande cha data kinachotumwa), huweka ya kwake pamoja na namba ya poti (namba inayotofautisha mawasiliano au huduma moja na nyingine), kisha huandika katika jedwali lake ni nani aliyeomba, ili jibu likirudi lifikishwe kwa mwenyewe.

Taa ya B1, yaani ya chaneli ya kwanza ya B, huonyesha kwamba simu imepigwa na haijakatwa. Haionyeshi kwamba kuna mtu anayesoma chochote. B2 ikiwaka nayo, mara nyingi ruta imeunganisha chaneli zote mbili kufikia kilobiti 128, na hizo ni simu mbili zinazolipiwa.

Kompyuta iliyoiamsha laini, yaani iliyoifanya ruta ipige simu, itafute katika ukurasa wa hali ya ruta, kwenye kumbukumbu za simu, ambako ruta nyingi huandika anwani ya kompyuta iliyosababisha simu na poti iliyokusudiwa. Mimi hutazama kwanza poti 53 na 137. Ya kwanza ni ya kuulizia majina ya tovuti, na mara nyingi nyuma yake kuna programu ya barua pepe inayokagua ujumbe kila baada ya dakika chache. Ya pili ni Windows ikitafuta majina ya kompyuta nyingine, jambo lisilohitaji kutoka nje kabisa. Zuia poti 137 hadi 139 zisipige simu, punguza ukaguzi wa barua, halafu weka muda wa kukata laini ikikaa kimya, kwa mfano sekunde 120. Usiufupishe mno, kwa sababu ikiwa kila simu ina malipo ya kuanzia, kupiga mara kwa mara kutakugharimu zaidi.

Kumbukumbu zisipotosha, chomoa waya wa kompyuta moja baada ya nyingine hadi B1 itulie.