Mwalimu, ukirudi ulikoanzia kazi anzia mwaloni

Walimu wenzangu, kituo changu cha kwanza kilikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, niliripoti 2009 na begi moja na godoro, 2013 uhamisho ukatoka nikaaga watu kwamba ntarudi kuwasalimia, sikurudi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale jirani na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, nikashika simu nimpigie mtu wa kule nimuulize wako salama, nikakuta sina namba ya hata mmoja. Yaani miaka minne nimekula kwao. Iliniuma sana na bado nimeenda mwaka jana tu, kwa hiyo nakuomba usisubiri msiba ndo ukukumbushe.

Pia usianzie ofisini kwa mkuu wa shule. Walimu uliowaacha wengi wameshahama, utapewa soda utasaini kitabu cha wageni utapiga picha, basi. Mi niliposhuka kwenye meli nilienda kwa mama mwenye nyumba wangu na sukari na sabuni, nikalala hapo hapo, asubuhi na mapema nikateremka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapoingilia.

Dagaa zimeanikwa mchangani mpaka unakosa pa kukanyaga. Nikasikia "Shikamoo ticha!" Kumwangalia nikamkumbuka, maana huyu mwanafunzi wangu nilimchapa kuliko wote, nikamwambia wewe ulikuwa unachelewaga sana. Akasema, "Ticha, nilikuwa nachelewa kwenye giza tu. Kwenye mbalamwezi nilikuwa nafika wa kwanza."

Nilinyamaza kabisa. Maana dagaa huku zinavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa juu ya maji dagaa zinafuata mwanga, mwezi ukiwa mkubwa hazifuati na mitumbwi inapumzika. Giza likirudi mitumbwi inaingia alfajiri, yeye na mama yake waanike kwanza halafu ndo akimbie shule. Mi daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mkononi miaka yote ile, siku za kuchelewa zinakuja na kuondoka na mwezi, sikuona. Magamba yalikuwa yanang'aa kwenye mikono ya sweta lake na nikamwambia mbele ya darasa ni mchafu.

Nikamwomba msamaha pale pale. Akasema "Yameisha ticha", akaendelea kugeuza dagaa zake.

Kwa hiyo ukirudi nenda na maswali, kila mwanafunzi utakayekutana naye muulize enzi zile nyumbani kwao kulikuwaje, na sikiliza mpaka amalize hata kama inakuchoma. Na wewe uliyepangiwa shule za huku ziwani juzi juzi, kabla hujapanga foleni ya wachelewaji uliza kwanza usiku mwezi ulikuwepo au haukuwepo.

Namba ya yule mwanafunzi wangu ninayo sasa. Nilimuuliza kama ana watoto, akanyoosha mkono, kabinti ka darasa la tatu kamepiga magoti pembeni kanachambua furu, visamaki vingine vya ziwani, kwenye dagaa, kameshavaa sare, na ilikuwa saa moja na nusu. Nikakasaidia kumalizia beseni lake, nikakashika mkono tukaenda wote shule, nikaongea na mwalimu wa zamu mwenyewe kabla hakajaingia kwenye foleni.