Sproketi nyepesi za mbele kwenye gia za umeme: anza na meno, gramu baadaye

SWALI: Fundi, habari za kazi. Baiskeli yangu ya mbio ina vifaa vya Shimano: kranki (mikono ya pedali) ya Ultegra R8000 yenye sproketi za meno 52 na 36, diraila (vihamisha cheni) za umeme za Di2 R8050 na kaseti ya nyuma ya meno 11 hadi 30. Jumapili tunapanda kutoka Ruaka hadi Limuru, na nikifika miinuko ya mwisho miguu imekwisha. Nimeona mtandaoni sproketi za mbele nyembamba ajabu, nyingine za kaboni. Fundi wangu wa mtaani ananiambia nisiguse kitu. Nichukue zipi?
Msomaji, Ruaka

JIBU: Salama, ndugu yangu. Fundi wako amepata nusu. Gusa, lakini kinachokuchosha Limuru ni meno 36, si gramu.

Tupige hesabu. Wewe na baiskeli tuseme mna kilo 83. Ukipunguza gramu 50 kwenye sproketi, na hiyo ni akiba nono, umepunguza asilimia 0.06. Kwenye mlima wa saa moja utapata kama sekunde mbili. Sasa badilisha 52-36 uweke 50-34. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ukiwa kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 30, leo unazungusha pedali kama mara 66 kwa dakika. Kwa 34 utazungusha mara 70. Gia imelegea kwa zaidi ya asilimia 5, na goti lako litaijua tofauti hiyo. Unachopoteza upande wa kasi ni kidogo: meno 50 mbele na 11 nyuma, ukizungusha mara 90 kwa dakika, bado ni kilomita 51 na ushee kwa saa. Kwa kuteremka inatosha.

Kranki yako hiyo hiyo inapokea 50-34, maana mashimo ni yale yale manne ya duara la milimita 110. Tofauti ya meno inabaki 16, ambayo ndiyo mwisho wa diraila yako ya mbele.

Tuje kwenye wembamba. Tazama ubavu wa ndani wa sproketi yako kubwa. Utaona vichuma vidogo kama vichwa vya misumari, na karibu navyo mikato iliyochongwa kwa mshazari. Cheni haipandi kwa kusukumwa tu. Hudakwa na kichuma, ikainuliwa kwenye mkato, ndipo ikakaa kwenye jino. Mahali pa kila kichuma pamepangwa kulingana na meno ya sproketi ndogo, ndiyo sababu sproketi hununuliwa kwa jozi. Shimano hugonga herufi mbili kwenye kila moja. Zikitofautiana, hazikupangwa kufanya kazi pamoja.

Kwa gia za kebo, mkono wako husikia cheni ikigoma na unalegeza wenyewe bila kufikiri. Mota ya Di2 haina mkono. Imeambiwa ifike mahali fulani, na itafika, uwe umekaa tambarare au umesimama juu ya pedali pale mlima unapokaza. Sproketi nyembamba ikisukumwa hivyo hupinda kuelekea nje, kichuma kinaikosa cheni, nayo inaanza kutembea juu ya ncha za meno kwa kelele ya kusaga. Kutoka hapo ama itaangukia nje juu ya mkono wa kranki, ama itarudi ndani na kubanwa kati ya sproketi ndogo na fremu. Kama fremu ni ya kaboni, mkwaruzo wa mara moja unaweza kukugharimu kuliko sproketi zenyewe. Ile sproketi kubwa ya Ultegra inaonekana nene kwa sababu ndani ina uwazi: unene umewekwa ili isipinde, na uwazi ili isiwe nzito. Kuishinda kwa uzito bila kupoteza ugumu si kazi ndogo.

Kwa hiyo ushauri wangu: jozi ya 50-34 ya R8000 yenyewe. Ukitaka nyepesi zaidi, panda hadi jozi ya Dura-Ace R9100, daraja la juu la Shimano, au jozi ya mtengenezaji mwingine iliyochongwa kwa aluminiamu ya 7075, yenye vichuma na mikato, na ambayo imeandikwa wazi kuwa ni ya mikono minne ya Shimano. Hakikisha inakuja na bolti zake, kwa kuwa bolti za Shimano hujikaza ndani ya sproketi kubwa yenyewe na haziingii kila mahali. Zile nyepesi kupindukia ulizoziona mtandaoni nyingi ni za baiskeli zenye sproketi moja tu mbele: hazina kichuma hata kimoja, na meno yake, moja nene moja jembamba, yamechongwa ili cheni isitoke. Yaani kazi yake ni kinyume cha unachotaka. (Wenye gia za umeme za kampuni ya SRAM, ziitwazo AXS, nao wasiazime ushauri huu: cheni yao ya mgongo bapa ina rola nene zaidi na inataka sproketi zake.)

Kabla ya kulipa chochote, geuza mkono wa kranki usome alama zilizogongwa nyuma. Septemba 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa kranki za gia 11 za Ultegra na Dura-Ace zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, R8000 ikiwemo, kwa sababu vipande vilivyogandishwa vinaweza kuachana. Ukiona ufa au mwanya kwenye maungio, usiipande.

Kufunga. Toa kranki, safisha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti. Kijiti kilichochomoza kwenye sproketi kubwa kikae nyuma ya mkono wa kranki, na alama ya sproketi ndogo ielekee mkono huo huo. Bolti za Shimano ni za nyota T30. Kaza kwa kukingamisha hadi Nm 12 mpaka 14 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa spana ya kupimia. Kama ni za mtengenezaji mwingine fuata namba yake, maana bolti laini hukatika mapema.

Sasa diraila, na hapa ndipo wengi huharibu. Meno mawili yakipungua, ukingo wa sproketi kubwa unashuka milimita 4. Diraila nayo ishushwe hadi bamba lake la nje liwe milimita 1 hadi 3 juu ya ncha za meno, sambamba na sproketi. Rudisha bolti ndogo inayoegemea fremu, na kipande chake cha kinga kiwe chini yake; bila egemeo hilo mota hupinda diraila badala ya kusogeza cheni. Weka cheni kwenye sproketi kubwa mbele na sproketi ndogo kabisa nyuma: bamba la nje liwe nusu hadi milimita 1 kutoka kwenye cheni. Kisha sproketi ndogo mbele na ile ya meno 30 nyuma: bamba la ndani liwe sifuri hadi nusu milimita. Cheni huenda usikate, kwa kuwa upungufu ni kama kiungo kimoja na cheni hukatwa viwili viwili. Ila ikiwa kipimo cha kuvutika kwa cheni kimefika asilimia 0.5, nunua mpya. Cheni iliyovutika hula meno mapya. Kama unatumia gia za kujipanga zenyewe, badilisha idadi ya meno kwenye E-TUBE, programu ya Shimano ya kupanga gia za Di2.

Usiridhike na stendi, hapo hakuna mzigo. Tafuta kilima kifupi kisicho na magari, bonyeza kupanda mara 20 ukiwa unakanyaga kwa wastani. Ukisikia kusaga, acha kukanyaga palepale na usibonyeze tena. Shuka, zungusha kranki kinyumenyume kwa mkono, kisha upime upya lile pengo la milimita 1 hadi 3.