Ngozi ya chombo cha mwezini: kwa mnaoanza modeli kubwa

Ukitaka kutengeneza modeli kubwa ya chombo cha Apollo kilichotua mwezini, usianze na rangi wala foili. Anza na swali: kila kipande cha ngozi yake kiliwekwa pale kufanya kazi gani? Chombo hicho, kilichoundwa na kampuni ya Grumman huko Bethpage, New York, hakikusafiri katika hewa, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kukilainisha. Kila mkunjo na kila bati jeusi lina sababu yake, na ukiijua sababu, mkono nao unajua pa kukunja na pa kuacha.

Chukua sehemu ya chini, ile yenye miguu. Wengi huidhani imepakwa dhahabu, lakini dhahabu haipo pale. Ni blanketi za plastiki nyembamba mno, Mylar na Kapton, zilizopakwa alumini. Kapton ina rangi ya kaharabu, na alumini ikikaa upande wa ndani inang'aa kimanjano. Blanketi moja lilikuwa na matabaka yasiyopungua 25, na tabaka jembamba lilifikia kama 0.004 mm tu. Mafundi waliyakunjakunja kwa mikono kabla ya kuyaunganisha, ili yagusane sehemu chache, joto likose njia ya kupita na hewa iliyobaki katikati ipate pa kutokea. Ndiyo maana makunyanzi yale hayana mpangilio wala mwelekeo. Modeli yenye mikunjo mirefu iliyonyooka upande mmoja inajionyesha kuwa ni karatasi iliyosukumwa kwa kidole.

Hapa ndipo hesabu ya skeli inapoingia, na naomba msiiruke. Chombo halisi kilikuwa na kimo cha mita 7 hivi. Kwa skeli ya 1:24, yaani modeli iliyo ndogo mara 24 kuliko chombo halisi, unapata sentimita 29. Foili ya jikoni ina unene wa takriban 0.016 mm, zidisha mara 24, unapata karibu 0.4 mm. Yaani kwenye modeli yako foili hiyo ni bati, si blanketi! Mikunjo yake inatoka mikubwa na migumu, na ukubwa wa chombo unapotea machoni pa mtazamaji.

Kwa blanketi natumia foili ya kufungia chokoleti, ile nyembamba kabisa isiyo na plastiki. Ifinye kwenye kiganja mpaka iwe donge dogo gumu, ifungue polepole, ifinye tena kwa upande mwingine, halafu ilaze juu ya kitambaa laini na kuibonyeza kwa pamba. Usiisugue. Ukiitazama kwenye mwanga uone vijiuso vidogo vya milimita moja au mbili, vingi, kila kimoja kikitazama upande wake. Ibandike kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, ukiiacha ilegee kidogo kwenye kona. Ikikauka, pitisha rangi angavu, inayopitisha mwanga, ya njano iliyochanganywa na chungwa kidogo, mikono miwili mitatu myepesi. Kila paneli ipate mchanganyiko wake, maana kwenye picha za Apollo 11 hazilingani: moja ina wekundu, ya pili imepauka. Mwisho ongeza vipande vyembamba vya utepe kwenye maungio, vikiwa vimekolea rangi kidogo kuliko paneli.

Sehemu ya juu, walimokaa wanaanga, ni habari nyingine kabisa. Huko nje kulikuwa na mabati membamba ya alumini yaliyosimamishwa mbali kidogo na ukuta wa kabini. Ile foili ya jikoni uliyoiweka kando sasa inafaa, bila kukunjwa. Ikate paneli kwa paneli, kisha ibonyeze katikati kwa kijiti cha mviringo ili ibonyee kidogo tu. Kujua wembamba wa mabati hayo, tazameni picha za Apollo 16 za mwaka 1972: chombo kiliporuka kutoka mwezini, paneli za nyuma zilichanika na kujipinda ovyo.

Paneli nyeusi za sehemu ya chini ziko pale moto wa injini ndogo za kuelekeza chombo ulipofika. Zipake nyeusi isiyong'aa, yenye kijivu ndani yake.

Tafadhali msipake kutu wala michirizi ya maji. Mwezini hakuna mvua. Vumbi nalo lilirushwa pembeni na injini wakati wa kutua, na kwa kuwa hakuna hewa halikuelea likarudi kukifunika chombo. Liweke kwenye vidato vya ngazi, ikiwa unaonyesha wanaanga wameshatembea.

Kwa rejea, picha zilizopigwa mwezini zina uzito kuliko za makumbusho. LM-2, chombo cha aina hii kilichopo makumbusho ya National Air and Space Museum, Washington, haikwenda angani. Ilirekebishwa ifanane na Eagle, chombo cha Apollo 11 kilichotua mwezini. Picha za Apollo 11 zenye namba zinazoanza na AS11-40 zinapatikana bure, na zinatosha kwa miezi ya kazi.

Jambo la mwisho ni taa. Eagle ilipotua tarehe 20 Julai 1969, jua lilikuwa nyuzi 11 hivi juu ya upeo. Weka taa moja tu, kali, chini kwa pembe hiyo, na msingi wa kijivu chini ya modeli, kwa sababu ardhi ya mwezi ndiyo iliyorudisha mwanga upande wa kivuli. Fanya hivyo tangu unapochagua mikunjo ya kubakiza, kwani chini ya taa ya dari mikunjo mizuri na mibaya yote inafanana.